Tundu kwenye Ukuta wa Moyo

Jumatatu, 4 Machi
Kazi imepatikana! Chuo cha wakunga kinataka moyo wa mbao wa kufundishia. Moyo wa mtoto aliye tumboni, mkubwa kama kabati. Nikiutengeneza vizuri, napewa kugawa bweni jipya kwa kuta za mbao: vyumba thelathini na sita! Shemeji, kaka wa mke wangu, naye fundi (anavyojiita), aliiomba kazi hii. Kaangukia pua. Moyo ni nini? Vyumba vinne, kuta mbili. Mimi nagawa ofisi za watu tangu nikiazima msumeno.

Jumanne, 5 Machi
Nimetazama mchoro. Ukuta wa juu una tundu! Mchoraji alisinzia. Mke wangu akasema nikaulize kwanza. Nikaulize kitu gani? Nimeliziba. Gundi, misumari kumi na minne, vanishi. Hapenyi hata sisimizi.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu wa wakunga kaja karakana. Kaushika moyo, kisha kajishika kichwa. Eti nimemuua mtoto! Akanisomesha: ukuta mwembamba hushuka kutoka darini kwenda katikati, kabla haujafika, hutoboka juu. Kisha ukuta wa pili, mnene, hushuka kando yake na kuacha dirisha. Ule mwembamba hubaki kama pazia. Damu hupita hapo kwa kuwa mtoto bado hapumui. Akivuta pumzi ya kwanza, pazia hubanwa, dirisha hufungwa. Ukuta wa chini ndio hupanda kutoka sakafuni na kuziba kabisa.

Nikauliza nani mwenye akili anajenga kuta mbili ili aache tundu. Akajibu kwamba fundi wa moyo si mimi. Nikamwambia basi huu ni wa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, tena analia. Akasema huo wanao, wa plastiki. Kanipa hadi Jumamosi. La sivyo, Shemeji.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetoboa. Tundu safi, duara. Kwenye ukuta wa chini! Moyo nilikuwa nimeusimamisha kichwa chini. Shemeji alikuwa mlangoni tangu asubuhi, anakunywa chai yangu. Nilipomaliza ndipo akasema, shemeji, umeupindua. Ndugu gani huyu!

Nimeziba chini, nimetoboa juu, nimetundika pazia la mpira. Nikaongeza komeo. Mlango bila komeo ni kuwaalika wezi.

Jumamosi, 9 Machi
Mwalimu kaling'oa komeo kwa mkono wake mbele ya darasa zima. Kicheko kilifika barabarani. Lakini moyo kaupokea! Bweni bado. Eti kwanza nitengeneze mapafu ya mtoto yule yule, nifuate mchoro, nisiongeze kitu hata chembe. Nimeapa.

Jumapili, 10 Machi
Nimefungua mchoro. Mapafu yamejaa maji! Mtoto anazama, watu wazima wenye vyeti wamekaa wanachora! Mke wangu kasema tena nikaulize. Kwa lipi? Bomba la kutolea maji nimeshalichomeka.