Kuhusu Zoezi la Kukaa na Mzazi Bila Kufanya Kitu

Toa Payoh, Singapuri
Jumatano jioni

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Vasantha,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA ZOEZI LA KUKAA BURE, DARASA LA NNE

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba paa la bwalo limeshaacha kuvuja. Mimi ni baba yake Quek Jia Xuan, anayefundishwa na Mwalimu Noraini. Kazi yangu ni uhariri wa habari za biashara, kwa hiyo nitaeleza mambo kwa mpangilio na bila hasira.

Mwanzoni mwa muhula Mwalimu Noraini alitoa zoezi la nyumbani. Kila mtoto akae na mzazi wake saa nzima bila simu, bila kitabu, bila kazi yoyote. Kisha asimame darasani aeleze jambo moja kuhusu mzazi huyo ambalo hakulijua. Wenzake wote wameshaeleza. Jia Xuan amesimama mara mbili na mara zote mbili ameambiwa akarudie. Nafasi yake ya mwisho ni Ijumaa hii. Naomba zoezi lifutwe kabla ya siku hiyo, kwa sababu zifuatazo.

1. Zoezi halina muhtasari. Hakuna kitabu cha kiada, mwongozo wa kusahihisha, wala mitihani ya miaka iliyopita. Nilikwenda duka la vitabu karibu na stesheni kuulizia mazoezi ya Kukaa Bure ya darasa la nne. Mwenye duka alinitazama kidogo, akasema, "Bosi, yameisha. Wazazi wameyagombania. Pita wiki ijayo." Ningependa kujua wazazi hao waliarifiwa lini, na kwa nini mimi sikuarifiwa.

2. Zoezi halina nafasi kwenye ratiba. Siku za wiki Jia Xuan ana tuisheni ya hisabati, ya Kichina na ya sayansi. Jumamosi ana kuogelea na fidla. Jumapili anapumzika kwa kufanya marudio. Mke wangu, ambaye mwezi huu yuko Jakarta kikazi, alishauri kwa simu tuondoe fidla. Nilimweleza kwamba fidla ndiyo inayomfundisha mtoto kutulia, na asipotulia hataweza kukaa bure.

Hata hivyo nilijaribu. Tulikaa bure ndani ya treni, kutoka hisabati kwenda Kichina. Tulipofika mtoto akasema, "Hiyo haihesabiki, Baba. Ulikuwa unaongea na bosi wako." Nilimkumbusha kwamba nilikuwa nimekaa. Akasema, "Hata mkoba wako ulikuwa umekaa." Haya ndiyo majibu yanayotokana na zoezi hili. Kabla ya muhula huu mtoto alikuwa hajibu kitu.

3. Zoezi halikubali mbadala. Kituo chetu cha tuisheni kilikuwa tayari kufungua darasa dogo ambamo mtaalamu angekaa bure na watoto kwa niaba ya wazazi, na kutoa ripoti kila mwezi. Mwalimu Noraini alikataa. Nikamwomba mama yangu, tunayeishi naye, akae badala yangu. Mama alikuwa anakata mikia ya machipukizi ya choroko kwa ajili ya chakula cha jioni, na hakuinua macho.

"Mimi nikae bure? Na haya machipukizi atayakata nani, waziri?"

Nilimwambia ni saa moja tu.

"Boon Teck, hiyo kazi ya wazazi. Ya kwangu nilishaimaliza zamani, na matokeo ndiyo wewe."

Sikuendelea na maombi hayo.

4. Hili ndilo kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Alhamisi iliyopita niliteremka na Jia Xuan hadi kwenye benchi lililo chini ya jengo letu, tayari kwa zoezi. Hatujakaa vizuri, ofisi ikapiga simu. Nilifanya ambalo mtu yeyote mstaarabu wa nchi hii angefanya: niliweka pakiti ya tishu kwenye nafasi yangu, nikapanda juu. Huna haja ya kuelezwa maana yake. Katika ukumbi wowote wa vyakula, pakiti ya tishu juu ya kiti inamaanisha kiti kina mwenyewe, amekwenda kupanga foleni, na atarudi. Mawakili wanaiheshimu. Wanajeshi wanaiheshimu. Sijapata kuona mtu akiisogeza.

Jirani yetu, Mzee Suppiah, ambaye nimemhoji baadaye, anasema alifika pale akitaka kukaa, kwa sababu ya goti lake.

"Hapa pana mtu?" akauliza.

"Baba yangu."

"Amekwenda kununua chakula?"

"Yuko juu, anaongea na ofisi."

"Basi atachelewa," akasema Mzee Suppiah, akaegemea nguzo.

Wakaja watoto wa ghorofa ya sita. Jia Xuan akawaambia, "Msikae, pana mwenyewe." Nao wakaenda kukaa kwingine. Saa nzima ikapita bila mtu yeyote kukaa karibu na mwanangu. Naitaja hali hiyo kama ushahidi kwamba nafasi yangu iliheshimiwa kikamilifu.

Kesho yake Jia Xuan alisimama darasani akasema, "Nimejifunza kwamba Baba ana tabaka tatu na ananukia limau." Darasa lilicheka. Mwalimu Noraini akaandika "Rudia." Nimeikagua pakiti. Mambo yote mawili ni sahihi, na mtoto alistahili alama.

5. Kwa hiyo, ikiwa shule haitaki kulifuta zoezi, basi pakiti ya tishu itambuliwe rasmi kuwa mzazi. Wazazi wenye shughuli nyingi wachapishiwe pakiti zenye picha zao. Pakiti hizo zitumike pia siku ya michezo, kwenye tamasha la muziki na katika mkutano wa wazazi, ambao kwa mara ya kwanza utamalizika kwa wakati. Mtoto atatazama viti na kuona kwamba kila kimoja kimeshikwa. Watoto wakishazoea, wao pia wanaweza kuacha pakiti zao madarasani, na walimu wapate nafasi ya kusahihisha.

Nasubiri uamuzi wako kabla ya Ijumaa. Nisalimie Mwalimu Noraini, ambaye sina ugomvi naye. Pia mlinzi wa geti. Na yule mama wa mkahawa wa shule anayempunguzia Jia Xuan pilipili bila kuombwa.

Wako katika malezi,

Quek Boon Teck

Tanbihi: Nilipokuwa naweka saini, mjusi alianguka kutoka darini akatua mezani juu ya karatasi hizi. Nilipanda juu ya kochi. Jia Xuan alitoka chumbani, akanikuta huko, akauliza, "Baba, unaogopa mjusi?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikamweleza tangu lini, na aliyeniwekea mjusi shatini alikuwa nani. Akapanda akakaa karibu nami ili nisiwe peke yangu. Tukaulinda ukingo wa kabati alikojificha mjusi mpaka chakula kikapoa na Bibi akaacha kutuita. Simu yangu ililia muda wote huo, lakini ilikuwa mezani, upande wa mjusi.

Tafadhali usilifute zoezi kabla ya Ijumaa. Jia Xuan ana jambo la kusema, na ameshaanza kulifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mwalimu Noraini akitaka kuthibitisha, shahidi bado yuko nyuma ya kabati.