Saa Moja ya Nakonde

Jumatatu, 4 Agosti

Wateja sita, na wote wameondoka na maarifa. Kibao juu ya mlango wangu kinasema: PROFESA NIKODEMO, KINYOZI NA MJUZI WA DUNIA. Kunyoa kwa malipo, elimu bure. Leo nimempa dereva wa lori kisa cha mabaharia wa kwanza kuizunguka dunia. Miaka mitatu safarini, kila siku wanaiandika daftarini bila kuruka hata moja. Wanafika bandarini wanaambiwa leo ni Alhamisi. Daftari linasema Jumatano! Dereva akauliza hiyo siku moja ilikwenda wapi. Nikamwambia atulie, wembe haupendi maswali.

Kisha mambo yakaharibika. Akauliza habari za Kimondo cha Mbozi. Nikasema ni jiwe lililotemwa na volkano. Restuta, anayeuza wali maharage ng'ambo ya barabara, akapaza sauti, mwiko mkononi, kwamba kile ni chuma, kina nikeli kidogo, na kilianguka kutoka angani. Aibu gani hii! Mimi mzaliwa wa Igamba, Mbozi hiyo hiyo! Dereva akavuka kwenda kwake na swali la pili, kichwa nusu kimenyolewa.

Jumanne, 5 Agosti

Chemsha bongo ya sikukuu ya mavuno ni Jumamosi saa nane mchana, kanisani kwetu hapa Tunduma. Mwaka juzi Restuta wa kwanza, mimi wa pili. Mwaka jana vivyo hivyo. Safari hii zawadi ni tufe la dunia, lile la kuzungusha kwa kidole. Lakini tufe si kitu. Kitu ni kibao changu. Leo, mbele ya Mwalimu Sebastian, mstaafu anayetunga maswali, Restuta amesema nikishindwa mara ya tatu basi neno Profesa lishuke mlangoni kwangu. Watu wakapiga makofi. Nikakubali, maana wote walikuwa wananitazama.

Chakula cha jioni nimekula huku nasoma kitabu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesoma mpaka macho yamewasha. Pweza ana mioyo mitatu. Siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Nikifumba macho, mioyo inahamia Zuhura na pweza anazunguka jua.

Jioni akaja shemeji Clever, mdogo wake mke wangu, anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Akasema na wao kanisani kwao wana chemsha bongo. Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana kwa saa za Zambia. Mwalimu Sebastian ametunga maswali mara moja tu na kuyatia kwenye bahasha mbili. Moja yetu, moja yao.

Maswali yale yale! Nimeoga huku naimba.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango umekamilika. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kila mtu Tunduma anajua. Sasa sikiliza, ewe daftari. Jana iko nyuma ya leo. Na jana ilitangulia leo. Kwa hiyo walio nyuma ndio wanaotangulia! Nitavuka Nakonde, nitayasikia maswali yote, nitarudi huku yakiwa bado yamefungwa kwenye bahasha.

Nimemweleza mke wangu Tupokigwe. Akauliza, kwetu ikiwa saa nane, kwao ni saa ngapi? Nikamjibu saa saba. Akauliza, sasa si watakuwa bado hawajaanza? Nikamwambia sayansi haina haraka. Akaendelea kuchambua mchele.

Maskini. Lakini nampenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetoka saa saba, nikavuka kwa miguu. Simu ikanasa mtandao wa Zambia, ikaruka yenyewe hadi saa sita. Saa nzima ya bure! Nikasalimia kila mtu kwa Kibemba, mulishani. Nikala ubwali, ndio ugali wao, na samaki kwa Clever bila papara, kwa sababu muda ninao.

Saa nane kamili nikakaa nyuma kabisa ya kanisa lao. Maswali ishirini yote nikayaandika kwenye mkono, kuanzia kiganja hadi kwapani. Lilipoulizwa la mwisho nusura nipige vigelegele. Mabaharia wangu! Ilikwenda wapi ile siku moja?

Nikarudi mbio. Mpakani simu ikaruka tena, safari hii mbele. Nikaona saa kumi na nusu. Nikaichukia simu.

Kanisani mabenchi yalishapangwa ukutani. Grace mfagizi alikuwa peke yake. Nikasimama mlangoni nikamjibia maswali yote ishirini, kwa sauti, mkono wa shati umepandishwa. Akasema yote ni sahihi, na kwamba niinue miguu afagie.

Kisha akanieleza namna Restuta alivyolijibu lile la mwisho. Alisema ukiizunguka dunia kuelekea machweo, unarudisha saa nyuma kidogo kidogo, mpaka zinatimia siku nzima. Ila ulichodhani umepata safarini, ukirudi nyumbani hunacho. Akatoa na mfano: mtu aliyemwona akivuka kwenda Nakonde leo mchana. Kanisa zima likageuka kutazama kiti changu kitupu.

Nililia kidogo. Tupokigwe alinisugua mkono kwa sabuni ya mche. Pweza wa swali la tisa amegoma kutoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi Restuta amekuja mwenyewe na Gwakisa, fundi wa kuandika vibao. Nikaomba neno moja tu liongezwe badala ya kufutwa. Restuta akacheka mpaka akashika ukuta, akaruhusu. Sasa kinasomeka: PROFESA MSTAAFU NIKODEMO. Kina heshima zaidi! Wateja tisa leo. Wawili wamenipa pole ya kustaafu.

Mchana nimekula kwa Restuta, sahani bure, nyama mbili. Tufe ameliweka mezani katikati ya chumvi na pilipili. Nikalizungusha taratibu. Zambia, saa moja nyuma. Kidole kikateleza hadi Isongole, kikavuka mto Songwe. Malawi. Nikamuuliza Restuta saa zao zikoje. Akasema nao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Nikaacha kutafuna. Zambia saa moja. Malawi saa moja. Mwakani nikizipitia zote mbili siku hiyo hiyo, nitakuwa na saa mbili kamili.

Sijamwambia Tupokigwe. Atauliza swali.