Bunduki ya Upepo Lazima Ipumzike

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa klabuni. Mzee Lumb anahama. Magoti yamemkataa, anakwenda kuishi kwa binti yake huko pwani. Maana yake ghala la shambani kwa Bi. Enid Capstick halina mtu. Miaka ishirini Lumb ndiye aliyekuwa akiwaua panya pale, kwenye chakula cha ng'ombe. Sasa ruhusa ya kupiga panya humo iko wazi.

Naandika tena nijifurahishe: ruhusa iko wazi.

Miaka kumi na moja niko kwenye klabu hii ya bunduki za upepo, na nimetoboa karatasi za shabaha tu. Wenye ruhusa ya shamba hukaa karibu na hita. Sisi wa karatasi tunakaa mlangoni, na mlango wenyewe haufungi vizuri. Nina miaka hamsini na tisa. Nataka kukaa karibu na hita kabla sijafa.

Bi. Capstick ameleta ujumbe: anayetaka ghala aje Jumamosi saa nane mchana, ili yeye amwone anavyopiga. Tumejitokeza wawili. Mimi, na Royston Uttley. Fundi wa gesi mstaafu, ana mashamba mawili tayari! Nilimwambia mbele ya watu kwamba ana tamaa. Akacheka, akanipa biskuti. Mjanja sana yule.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ni bunduki. Yangu ni ya springi, ya tangu enzi za baba. Inapiga teke begani na kulia kama droo ya jikoni. Ya Royston ni ya kisasa: ina mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, ukiijaza mara moja unapiga mpaka uchoke, haitikisiki, haina kelele. Lazima nipate ya aina hiyo. Siku nne zimebaki.

Mchana nilikwenda kwa Clive Garside wa klabuni, anauza mbili. Ya kwanza nyeusi, ina chupa kubwa chini ya mtutu. Clive akaapa kwamba inapiga risasi mia kwa kujaza mara moja. Sura yake mbaya. Ya pili fupi, kitako cha mti wa jozi, mistari ya mbao inang'aa mpaka unataka kuilamba. Mtungi wake mwembamba. Clive akakiri kwamba hiyo ni risasi ishirini tu, tena ikiwa imejaa kabisa. Akanisihi nichukue nyeusi. Nikamuuliza kama Bi. Capstick ana macho au hana. Nikachukua ya jozi.

Nimeilipia kwa mashine ya kukatia nyasi. Glenys, mke wangu, hajui bado. Lakini nyasi hazikui mpaka Aprili, kwa hiyo nina mwezi mzima wa kutafuta maelezo. Clive akaniongezea na pampu ya mkono juu yake. Mtu mwema.

Jioni Glenys kapika chapati za maji, za Jumanne ya kabla ya Kwaresima, kwa limau na sukari. Nimekula tisa. Akaniuliza kama naenda vitani.

Jumatano, 5 Machi

Pampu ni kazi ya punda. Unaikanyaga kwa miguu miwili, unavuta mpini mpaka kifuani, halafu unaushusha kwa uzito wako wote. Kuna kipimo chenye mshale. Unatakiwa ufike mia mbili. Baada ya kupiga mpini mara hamsini, mshale ulikuwa kwenye sitini. Nikavua sweta. Kwenye mia na ishirini nikavua shati. Jirani yetu Bi. Pickles akafunga pazia.

Glenys akaja na chai, akataka kujua natwanga nini. Nikasema ni mazoezi ya moyo. Akasema anauonea huruma huo moyo.

Lakini ilipojaa, jamani. Nilitundika kifuniko cha kopo mwisho wa bustani. Risasi tano, tundu moja. Karibu tundu moja. Hakuna teke, hakuna mlio, ni kama mtu amekohoa chumba cha pili. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Kabla ya chakula nikaimaliza hewa yote. Nilifyatua patupu, bila risasi, mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Ndivyo baba alivyonilea: bunduki haiachwi na mkazo ndani. Springi ikilala imekunjwa inachoka. Hii haina springi kama ile, najua, lakini bunduki ni bunduki. Lazima ipumzike.

Alhamisi, 6 Machi

Leo imegoma. Napampu huku hewa inatokea kwenye mdomo wa mtutu. Fsss. Nusu saa nzima nampulizia paka. Mwishowe ikakubali kushika, sijui kwa nini.

Royston alikuwa anapita, akasikia, akaingia bila kukaribishwa. Akaniambia kwa sauti ya upole: "Norris, mwenzangu, usiimalize hewa. Iache theluthi humo ndani siku zote. Hiyo hewa ndiyo inayobana vali. Ukiimwaga yote vali inalegea, kesho yake inakuvujia."

Nikamshukuru, nikampa mkono. Alipoondoka nikacheka peke yangu. Kwa hiyo anataka bunduki yangu ikae na mkazo siku mbili, ifike Jumamosi imechoka! Ananiona mtoto. Jioni nimeimwaga mpaka tone la mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Mbinu mpya: keki. Nimempelekea Bi. Capstick keki ya tangawizi ya Glenys, niliyoiazima kabatini. Niliiweka juu ya ukuta ili nipige hodi kwa heshima. Mbwa wake akaila yote, na karatasi yake. Bi. Capstick alitoka akiwa na ndoo mbili, akaniambia mambo fulani kuhusu kesho. Magari yabaki nje, geti, mitamba, wale ng'ombe wachanga, wako uani, kitu kama hicho. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa namwangalia mbwa.

Mgongo umekufa. Glenys ananipaka dawa ya misuli. Amenishauri nichukue ile bunduki ya baba, kwa sababu angalau haihitaji kuchangiwa pumzi. Hajui lolote kuhusu bunduki. Wala kuhusu keki, mpaka sasa.

Bunduki inapumzika. Sifuri kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka.

Asubuhi ikavuja tena. Nilifika shambani mshale ukiwa kwenye tisini, na njia nzima nilikuwa naisikia hewa ikitoka. Nikaacha gari nje, kwa sababu nilikuwa nimechelewa na sikutaka kuanza kuhangaika na geti. Royston alikuwa ameingiza gari lake mpaka uani. Ana mtungi mkubwa wa wapiga mbizi, wa kujazia bunduki, mzito, alitaka uwe karibu.

Bi. Capstick alitundika vifuniko viwili vya makopo ukutani. Risasi tano kila mtu. Royston akaanza. Tano, zote katikati. Hata jasho hakutoka.

Mimi. Ya kwanza, katikati! Ya pili, ukingoni. Ya tatu ikaangukia kwenye birika la ng'ombe, nikaisikia ikisema ploki. Ya nne haikutoka kabisa. Bunduki ilishusha pumzi tu. Bi. Capstick akaniuliza kama inaumwa.

Nikaomba dakika kumi. Nikakimbilia gari langu kuchukua pampu, lakini nje matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, pale kwenye zege katikati ya geti. Geti lilikuwa wazi. Nikasimama hapo, nikaanza. Juu, chini, juu, chini. Nilipoinua kichwa niliona mitamba kumi na wanne mbele yangu, wamejipanga, wananitazama. Nikiinuka wanainua vichwa. Nikishuka wanashusha. Wanyama wanajua kitu kizuri wakikiona. Upepo ulikuwa unaniingia mgongoni, nikalivuta geti kwa mguu likajifunga nyuma yangu, nikaendelea kupampu.

Nilipofika mia moja na kumi, Bi. Capstick alikuja, uso mwekundu. Nikajua basi, kwaheri hita.

Akamgeukia Royston. Akamwambia yeye ni mpigaji hodari, hakuna ubishi, lakini ameacha geti wazi, na mitamba wake kumi na wanne walikuwa njiani kuelekea barabara kuu. Isingekuwa huyu kiziwi wa keki kuiziba njia kwa mwili wake, sasa hivi angekuwa anawaokota vipande. Akasema Lumb kwa miaka ishirini alikuwa anakosa panya wawili katika kila watatu, na hakuwahi kuacha geti wazi hata mara moja.

Akatoa ufunguo wa ghala mfukoni, akanipa mimi.

Mimi! Nimelia kidogo, nikasingizia upepo. Bi. Capstick akaongeza kwamba nije na bunduki nyingine isiyopiga miayo, kama ninayo. Mzaha wa kishamba. Nilimwona alivyokuwa anaitazama ile mbao ya jozi.

Royston akanipa mkono. Akasema polepole, "Sasa tafadhali, Norris, acha hewa kidogo ndani." Hata akishindwa haachi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa karibu na hita. Ni moto kuliko nilivyodhani, suruali ilianza kunuka, lakini sikusogea. Nimewasimulia wote jinsi bunduki nzuri inavyomteka mwenye shamba. Clive anataka kujua kwa nini basi sikupiga tano. Wivu.

Glenys ameulizia keki. Nikamwonyesha ufunguo. Akanitazama, akaniambia anafurahi kwa ajili yangu, kweli kabisa, maana hajaniona nikitabasamu hivi tangu nilipostaafu. Halafu akatazama nje ya dirisha. Akasema kwa joto hili la wiki nzima nyasi zimeanza kuinuka mapema, na kesho, kabla sijaenda kwa hao panya wangu, nitoe mashine.

Nitafikiria kitu. Kama nimepata ghala, naweza kupata chochote.

Kesho saa moja asubuhi naanza kazi. Leo nimepampu mpaka mia mbili, kuhakikisha tu kwamba inashika. Imeshika kama mwamba. Nikaisifu, nikaipangusa kitako. Halafu nikaifyatua patupu, mara ishirini, mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Kesho ni siku kubwa. Nataka iamke imepumzika.