Sufuria Isiyo na Mkubwa

Katuba, Lubumbashi, tarehe 14 Oktoba

Kwa Bwana Inspekta wa Shule za Msingi,

Bwana Inspekta mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, isipokuwa kichwa, ambacho kina joto kwa sababu nitakazozieleza. Mimi ni Constantin Mukuka, Prezida wa Kamati ya Wazazi ya shule yetu hapa Katuba tangu miaka kumi na sita. Sijawahi kuchaguliwa mara ya pili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa wameuliza, na kura imewekwa Jumamosi. Chanzo cha balaa hili ni somo la sayansi.

Mwalimu Ngalula wa mwaka wa tano, binti mwenye diploma na sauti ya upole, amewafundisha watoto wetu kitu kinachoitwa konveksio. Naomba somo hilo lisimamishwe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu alileta darasani mbabula, lile jiko la makaa, ikiwa inawaka, akateleka sufuria ya maji, akatia majani ya chai ili watoto waone safari ya maji. Majani yakapanda katikati, yakafika juu, yakasogea pembeni, yakashuka, yakaanza tena. Binti yangu Mapalo alirudi nyumbani akanieleza mbele ya mama yake: "Baba, maji ya chini ikipata moto inakuwa mwepesi, inapanda. Ile ya yulu inapata baridi, inashuka. Mu ile sufuria haina mukubwa." Bwana Inspekta, nimekula maharagi ya sufuria miaka yote bila kujua kwamba ndani yake mna vurugu za namna hii. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hawakusema maji hupanda kumwondoa aliyetangulia.

2. Somo hilo limebomoa nyumba yangu. Mapalo alimwambia mama yake, Agnès, kwamba moshi wa moto hupanda ukitafuta njia ya kutokea juu, na hewa ya baridi huingia chini ya mlango kushika nafasi yake. Nilipokuwa mkutanoni, walitoa matofali mawili ya ukuta wa jikoni, karibu na bati. Ni kweli moshi umetoka. Ni kweli pia kwamba mke wangu, aliyekohoa tangu ndoa yetu, hakohoi tena. Lakini matofali yalikuwa yangu, na hakuna aliyeniomba sahihi.

3. Ukumbi wa shule. Hapa ndipo ninapoumia. Kwa heshima ya kazi yangu nilijengewa jukwaa la matofali, nikaliongeza kimo mara mbili, hata sasa fotei yangu, kile kiti cha kuegemea, iko karibu na bati. Wako wanaosema matofali hayo yaliletwa kwa ajili ya choo cha wasichana, ambacho hadi leo hakina mlango. Choo ni kitu cha chini, kinaweza kusubiri. Matundu mawili ya juu ya ukuta niliyaziba kwa mbao, ili picha yangu ipate mahali pa kutundikwa. Basi Mwalimu Ngalula akawaambia watoto kwamba hewa ya moto inayotoka kwa wazazi mia mbili hupanda, hukosa tundu la kutokea, ikakaa kuzunguka kichwa cha Prezida. Watoto walipeleka habari nyumbani na wazazi wakacheka. Mkubwa ni jalala, nakubali, lakini sikujua kwamba hata pumzi za watu zinatupwa kwangu.

4. Mwalimu huyu hana mpaka. Anasema upepo wetu wa mwezi wa kumi ni konveksio ileile: udongo unapata moto, hewa inapanda, nyingine inakuja kushika nafasi, mawingu yanajengeka, mvua inashuka. Anasema hata chini kabisa, kilomita nyingi chini ya shaba yetu, mawe ya moto yanapanda polepole na yaliyopoa yanashuka, kwa mamilioni ya miaka. Ninauliza kwa unyenyekevu: hakuna kitu katika dunia hii kinachokaa kwenye kiti chake?

5. Mama Marceline, anayeuza vitumbua langoni mwa shule, amelisikia somo kutoka kwa watoto wake, na sasa anawahubiria wateja: "Shiye ba chini tulisha kupata moto. Tunapanda. Prezida naye ashuke, apate baridi kidogo." Mwanamke huyu hajawahi kushika hata ufunguo wa ukumbi. Anagombea kiti changu, na hoja yake ni moja tu, mlango wa choo. Anasema binti zetu wanakimbilia nyumbani katikati ya masomo kwa aibu, na wengine hawarudi. Mapalo wangu naye hukimbia, lakini kwetu si mbali.

Kwa hiyo ninaomba konveksio ihamishiwe mwaka wa sita, au ipelekwe Zambia kwa njia ya mpaka wa Mokambo. Mahali pake wafundishwe konduksio. Nimeuliza, nikaambiwa ni pale ambapo kijiko kinapata moto kutoka kwenye sufuria huku kila sehemu yake imetulia mahali pake. Hilo ndilo somo la nidhamu.

Unisalimie mama wa nyumbani, watoto, makarani wote, na yule mlinzi aliyenizuia mlangoni mwezi uliopita. Feni ya ofisi yako nayo naitakia afya njema.

Anayekuheshimu kutoka jukwaani,

Constantin Mukuka
Prezida

P.S. Barua imechelewa kwa sababu ya matukio. Jumamosi ukumbi ulijaa. Saa nane mchana bati lilikuwa linawaka, na pale juu jasho liliniingia machoni nikashindwa kusoma hotuba yangu. Nikashuka dakika moja tu, nikasimama mlangoni, ambapo hewa ya baridi huingia kwa chini kama alivyosema yule mwalimu. Ilikuwa tamu sana. Nilipogeuka, katibu alikuwa ameuliza nani ataongoza, maana kiti kiko wazi, na mikono yote ilikuwa imepanda kwa Mama Marceline. Hakuna aliyenisukuma, Bwana Inspekta. Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe.

Yeye hata kwenye fotei hakukaa. Alitoa picha yangu, akazibua matundu, akaagiza jukwaa libomolewe na matofali yarudi chooni.

Basi usiyajali yaliyoandikwa hapo juu. Ninaomba konveksio ifundishwe kila siku, hasa ile sehemu ya pili ambayo sikuisikiliza, kwamba kilichoshuka hupata moto tena na kupanda. Nimemwuliza Mapalo itachukua muda gani. Amenijibu: "Inategemea moto, Baba." Kisha akanipa nyundo na misumari, akanionyesha choo. Nimeutia mlango jana asubuhi. Unafungika vizuri, na Mapalo amebaki shuleni mpaka kengele ya mwisho.