Ombi la Kutangaza Kuwa Ming'oko Ina Madhara

Eneo la ujenzi wa ghala,
Lionja, Nachingwea.

Ndugu Mtaalamu Imrani wa kipindi cha redio cha "Sahani Yako",

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta tumbo lako limetulia. Langu halijatulia, na sababu ni wewe.

Jina langu ni Felisian, kibarua wa zege. Kwetu ni Karagwe, mbali kiasi kwamba nikiwatajia wenyeji wa hapa huniuliza kama huko nako ni Tanzania. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, usiiamshe. Nimekuja huku kujenga ghala la korosho, na chakula changu cha mchana kilikuwa kwa dada Sikudhani, mama lishe mwenye kibanda cha nyasi mbele ya kazi yetu. Alikuwa akitupikia ugali wa dona, kisamvu, na ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na chumvi. Kwetu haipo. Mara ya kwanza nilidhani nimepewa kamba za kufungia mbuzi. Baadaye niliizoea hata nikaacha kuota ndizi za kwetu.

Kisha ukatangaza kwamba chakula cha maskini ndicho chenye afya. Siku hiyo nilisimama na koleo langu nikajiona tajiri. Sikujua kwamba matajiri nao wana redio, tena ndani ya gari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Magari. Zamani kibandani tulikuwa sisi na nzi. Sasa saa tano magari yameshapanga foleni, mengi ya Nachingwea mjini, na moja hutoka Ruangwa kabisa. Wanashuka watu wa mashati meupe wanamuuliza Sikudhani, "Mama, hii dona ni yenyewe?" Sisi tunatoka kazini saa sita, tunakuta sufuria limelowekwa. Sufuria lililolowekwa anaweza kulisoma hata aliyeishia darasa la tano.

2. Heshima ya ming'oko. Mzizi huu hauna shamba, akina mama huenda kuuchimba porini, na zamani mgeni akipiga hodi ulifunikwa kwa kanga. Leo nimeona kwa macho yangu bwana mmoja akiukata kwa kisu na uma. Mwenzangu Hemedy, ambaye ni Mmwera wa hapa hapa, alimtazama mpaka akamaliza, kisha akaniambia, "Bibi yangu alikufa na aibu ya kutulisha ming'oko mwaka wa njaa. Kumbe alikuwa daktari."

3. Bosi wetu, mkandarasi Saadi. Umemkataza soda, soseji, chipsi na kuku wa kukaanga, naye ni mtu mtiifu. Lakini friji yake ilikuwa imejaa na hapendi kutupa vitu, basi anatuletea sisi. Anasema, "Kuleni vijana, mimi mtaalamu kanikataza." Nina miaka arobaini na nane, lakini mbele ya soseji mimi ni kijana. Ulisema redioni kwamba soseji zinaleta presha. Hukusema zinamletea nani. Presha iliyotoka kwenye sahani yake imehamia kwangu na sijaulizwa.

Na chai yetu ya asubuhi sasa haina sukari. Bosi anasema sukari ni adui, na yeye hawezi kuwaweka vibarua wake karibu na adui.

4. Mazoezi. Ulisema mwili unahitaji kuinua vitu vizito na kutoka jasho. Bosi alisikia, akairudisha mashine ya kuchanganyia zege alikoikodi, ili isitunyime afya. Tunachanganya kwa koleo. Jioni anakuja na raba mpya, anabeba ndoo moja, anapigwa picha, anaondoka. Mimi ninayebeba tangu alfajiri sijapigwa picha hata ya bahati mbaya.

5. Nimekonda. Krismasi nakwenda nyumbani, na kwetu mtu akirudi kutoka mbali hupimwa kwa macho pale pale anaposhuka kwenye basi. Akionekana mnene, amefanikiwa. Akionekana kama mimi, majirani huanza kuleta uji na kunong'ona. Nitamwelezaje mama mkwe kwamba sina ugonjwa wowote, ila nilinyang'anywa chakula na watu wanaojali afya?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, utangaze kwamba ming'oko ina madhara. Ili nisikupotezee muda, maneno nimeshakuandalia. Sema imegundulika kwamba mtu akila ming'oko huku anamiliki gari, anaota kipara. Dona inampunguzia mtu madaraka. Kisamvu kinamsahaulisha mkubwa namba yake ya siri ya benki. Chipsi, kwa kuwa kiazi nacho hutoka ardhini, waendelee nazo bila hofu. Wataamini, kwa sababu hata mwanzo waliamini.

Wala usione haya kugeuza maneno. Nilipokuwa mdogo wataalamu walituambia yai ni zuri. Baadaye wakasema linaua, na sasa limekuwa zuri tena. Muda wote huo kuku hakubadilisha chochote.

Nisalimie watangazaji wenzako, fundi mitambo, mlinzi wa getini, na zaidi mpishi wako. Ningependa sana kujua wewe mwenyewe umekula nini leo.

Ni mimi, mwenye njaa ya kitaalamu,
Felisian, kibarua wa zege.

Nyongeza: Nilimwomba Sikudhani anipelekee barua hii, kwa kuwa alikuwa anakwenda mjini kununua mabati ya kumalizia paa la kibanda. Bahasha sikuifunga. Akaisoma yote amesimama, mwiko mkononi, kisha akasema mbele ya watu, "Kaka Felisian, masika yaliyopita ulikula hapa umejifunika mfuko wa saruji. Haya mabati unadhani nayapata kwa vibarua? Na ulipolala na malaria, ile supu niliyokuletea ilitoka kwenye pesa za hao hao mabwana wa uma." Hemedy alicheka mpaka akakaa juu ya zege bichi. Mimi supu ile naikumbuka.

Basi usitangaze madhara yoyote. Isifu ming'oko, isifu kuliko mwanzo, maana upande wa jikoni bado haujaezekwa. Ila ongeza jambo moja dogo la kitaalamu: kwamba kwa mtu wa ofisini, faida yake huingia mwilini ikiliwa kuanzia saa nane mchana.

Sisi tunakula saa sita.