Saa Tisa Mbele ya Mlango Uliofungwa

Tegeni masikio, enyi watu wa Unyanyembe, wajukuu wa wapagazi waliovuka nyika na pembe za ndovu mabegani! Wekeni chini vikombe vya kahawa, mpate kusikia jinsi Zuwena binti Sabiri, simba jike wa maabara ya Chemchem, alivyopigana vita kuu ya kutofungua mlango wa kabati.

Ndani ya kabati hilo la joto, kwenye sahani ya kioo, ulilala mrija mwembamba uliokusudiwa kuwa mshipa wa damu, na ndani ya mrija jeshi la seli shina, zile changa ziwezazo kugeuka kuwa mshipa. Zikiushika, mshipa utapata uhai; zisipoushika, zitakwenda na maji ya kuoshea. Mara tatu zilikuwa zimekwenda. Hii ilikuwa chupa ya mwisho ya seli. Na huko Ipole baba yake, mrina asali, alikuwa na mguu wa baridi usiofikiwa vizuri na damu. Kwa ajili ya mguu huo Zuwena alisoma.

Kosa lilikuwa la adabu. Zuwena alilelewa kwamba mgeni hujuliwa hali; basi kila nusu saa aliitoa sahani, akachungulia, akairudisha.

"Shikamoo baba," alisema kwa simu. "Nimeupaka mrija protini ya kunata, na bado hazikai."

"Marahaba. Hata sisi mzinga mpya tunaupaka nta, mwanangu. Tunautundika, halafu tunaondoka. Wewe unaondoka?"

Zuwena akaona haya.

Kesho yake, Jumanne, saa moja asubuhi, shujaa akaufunga mkono wake wa kulia kwa khanga kwenye mguu wa meza. Saa nne mkono ukafurukuta. Saa sita akatokea mwenzake Elieth, mwenye ulimi wa asali.

"Dada, kuchungulia kidogo tu kuna ubaya gani?"

"Rudi nyuma, Elieth! Babu zangu walitembea miezi mitatu hadi pwani. Mimi nishindwe na mlango?"

Elieth akaenda kula ugali.

Saa kumi khanga ikafunguliwa. Zuwena akaosha mrija mara tatu, akainamia hadubini, akalia, akapiga simu Ipole.

"Baba, zimekaa."

"Zote?"

"Nyingi."

Mzee Sabiri akausugua mguu wake, nao ulikuwa baridi vilevile. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa usizisumbue. Mimi nangoja."

Basi na iandikwe katika tarehe za Tabora, chini kidogo ya kuja kwa reli: Jumanne hiyo, kwa saa tisa kamili, Zuwena binti Sabiri hakufungua mlango.