Breki Ambazo Hakuna Aliyewahi Kuzikanyaga

Helwan, Kairo
Jumatatu asubuhi

Kwa Mhandisi Mkuu,
Kiwanda cha Mabasi cha Fajri Njema,
Barabara ya Tabbin.

Mheshimiwa Bashmuhandis,

YAH: TANGAZO LENU LA KUYARUDISHA MABASI KIWANDANI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na ikiwezekana umeketi. Mimi ni Labib Tadros, mkaguzi mstaafu wa mizani, na kwa miaka kumi na moja ni abiria wa kila siku wa basi la mzunguko namba 931, lile linalotoka soko la Helwan, likapita mbele ya lango lenu na kurudi sokoni. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa nimekasirika.

Juzi kondakta wetu, Bwana Hamdi, alitusomea tangazo lenu lililobandikwa kwenye kioo. Mnataka mabasi ya toleo letu yarudishwe kwenu Alhamisi hii, kwa kuwa breki zake “zinaweza kushindwa kufanya kazi zinapokanyagwa”. Kisha Usta Metwalli, dereva wetu, akauliza bila kugeuza shingo:

“Zinapokanyagwa? Kwani nani kazikanyaga?”

Tulicheka hadi watu wawili wakasahau kuruka.

Labda wewe hupandi basi, kwa hiyo nikufahamishe. 931 halisimami. Usta hupunguza mwendo kwa gia, au kwa kilima, au kwa foleni ya Kairo, ambayo ni breki tuliyojaliwa na Mungu. Anayepanda hukimbia akadaka chuma cha mlangoni. Anayeshuka hutazama mbele, hutanguliza mguu wa kushoto, hukimbia hatua nne, kisha hutengeneza kola yake na kwenda zake. Akishuka mwanamke, Usta hupunguza hadi mwendo wa punda wa vitunguu. Pedali ya breki ipo, hatukatai, na hapo ndipo Usta huegemeza chupa yake ya chai.

Mkilichukua basi hilo Alhamisi, litarudi likiwa linasimama. Naomba tangazo lifutwe kabla ya siku hiyo, kwa sababu zifuatazo.

1. Mmetusingizia. Ubovu wa breki huujua mtu aliyezikanyaga tu. Usta hajazikanyaga. Aliyemtangulia, Mungu amrehemu, hakuzikanyaga, na alikufa kitandani kwake. Basi ni nani aliyeingia ndani ya basi letu akatia mguu pale? Nimekagua mizani za wauza nyama kwa miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kumshtaki mtu kabla ya kumwonyesha jiwe la mizani lililopungua uzito. Tunataka jina la mguu huo.

2. Afya ya umma. Matajiri wa mtaa wa Maadi hulipa vilabu vya mazoezi ili wakimbie bila kufika popote. Sisi mazoezi tunayapata ndani ya tiketi. Mimi nina miaka sitini na tisa na bado naruka. Mke wangu, Bibi Insaf, haafiki. Kila asubuhi hunisindikiza dirishani kwa maneno yaleyale: “Labib, mzee mzima unaruka kama panzi, huoni haya? Ukivunjika nyonga usiniite, mwite Metwalli akuogeshe!” Namheshimu sana, lakini hajapanda 931 tangu liletwe, kwa hiyo ushahidi wake ni wa dirishani.

3. Ndoa. Jambo hili kiwanda hakikulifikiria hata kidogo. Mtaani kwetu mchumba akija kuposa, baba wa binti huketi mkahawani mkabala na kituo, akaagiza chai, akamtazama anavyoshuka. Sanduku la keki lazima liwe mkononi. Mkwe wangu Nabil alishuka na sanduku la kilo mbili, akakimbia hatua zake nne, na tulipolifungua hakuna keki hata moja iliyokuwa imeegemea nyingine. Nikasema, huyu apewe. Aliyemtangulia alikuwa daktari wa macho, akaanguka ndani ya kapu la matango. Basi likianza kusimama, kila goigoi atashuka mzima na keki zake, na binti zetu tutawaoza kwa kubahatisha.

4. Amani ya barabarani. Basi likisimama, watu hupata nafasi ya kuzungumza, na wakizungumza wanagombana. Isitoshe, mkaguzi wa tiketi atapanda. Miaka yote hii tumemwona mara tatu tu, akikimbia nyuma yetu na daftari lake, akipiga kelele, “Wallahi nitawaandika nyote!” Maskini ya Mungu, mwili wake umekuwa mzuri sana.

5. Usalama wa taifa. Naomba hapa usome polepole. Mtu akishazoea basi limsimamie, kesho atataka lifti ifike orofa aliyoibonyeza. Keshokutwa atakwenda ofisi ya pensheni na kutarajia karani amtazame usoni. Akitazamwa, atauliza swali. Akiuliza, wenzake nao watauliza, na majibu yaliyopo nchini hayatoshi hata nusu yao. Wakimaliza makarani wataugeukia Mto Nile, wautake usimame kidogo hapa Helwan ili nao wachote kwa raha, na walioko chini yetu mpaka baharini watakufa kwa kiu. Yote haya, Bashmuhandis, kwa ajili ya pedali moja.

6. Hii ni yangu mwenyewe, na nimeifikiria mara mbili kabla ya kuiandika. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na picha ya pamoja ambamo mimi nimekatwa sikio. Mizani walinipokonya, mhuri walinipokonya, na hata wauza nyama hawaniogopi tena. Kimebaki kitu kimoja tu ninachokifanya vizuri kuliko vijana, nacho ni kushuka basi. Nikitua pale sokoni, wauza mboga huniambia, “Hongera, Ustadh Labib!” na siku yangu inakuwa na maana. Basi likisimama nitashuka kama wazee wengine, nikishikwa kiwiko. Nitaumia sana, na sioni aibu kukuambia.

Ombi langu, basi, ni jepesi. Futeni tangazo. Mkiona lazima mtengeneze kitu, ing'oeni pedali hiyo na mahali pake mweke kishikio kizuri cha chupa ya chai.

Na ili usidhani nimetia chumvi, barua hii siipeleki posta. Naileta mwenyewe kwa 931, na saa nne kamili leo hii nitashuka mbele ya lango lenu. Tafadhali kaa dirishani, uone kwa macho yako ustadi mnaotaka kuuzika.

Wasalimie mafundi wote, walinzi wa lango, wapishi wa mkahawa wa kiwanda na familia zao. Msalimie pia huyo aliyekanyaga breki, na mwambie tumemsamehe.

Wako mwenye heshima na magoti mazima,

Labib Tadros
Mkaguzi wa Mizani (mstaafu)

N.B. Naongeza maneno haya nikiwa ndani ya basi, uniwie radhi kwa mwandiko. Ni saa saba. Tumelipita lango lenu mara tatu. Mara ya kwanza kulikuwa na lori. Mara ya pili jua lilinipiga machoni. Pale sokoni foleni ingenishusha kwa raha, lakini nilikuwa nimekuahidi lango. Mara ya tatu nilisimama ngazini, nikashika chuma, basi zima likapiga makofi. Hamdi akasema, “Ruka, Ustadh, jina la Mungu li nawe!” Nikaitazama lami, nikaona inakwenda mbio kuliko nilivyopata kuiona maishani mwangu. Goti likakataa. Nililibembeleza, likakataa. Nikamwambia Usta Metwalli, kwa sauti ndogo, “Simamisha, ndugu yangu. Leo siwezi.” Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alinishika kiwiko, nami nikamwachia. Usta akaondoa chupa yake ya chai, akakanyaga.

Ni kweli, Bashmuhandis. Ni vilevile mlivyoandika kwenye tangazo.

Hamdi ataifunga barua hii kwenye kiatu changu na kumrushia mlinzi wenu tukipita mara ya nne. Ukiipata, tafadhali msingoje Alhamisi, na anzeni na 931. Bado nimo ndani.